Matanga ya Mtu Aliye Hai

Kampuni ilipokuja Kilifi kutoka ng'ambo ilikuja na kompyuta zake, na mapenzi yake. Kompyuta walipewa vijana, wazifundishe kutambua picha. Mapenzi aliachiwa Radhia Hilal, mzaliwa wa Malindi mjini. Kazi yake ilikuwa watu: kuwaajiri, kuwapa likizo, kuwaonya, na kuhakikisha kwamba wote, kuanzia mkurugenzi hadi bawabu, wanaitana kwa majina matupu na kujiona jamaa moja. Mtu wa Malindi kumwita mzee wa miaka sitini "Nahashon" hivi hivi, bila hata bwana! Alijifunza. Mshahara humfunza mtu mengi.

Hata kufiwa kulikuwa na mafunzo yake. Aliyefiwa asihojiwe, walisema wakufunzi wa ng'ambo. Mpe pole, mpe likizo, basi. Likizo yenyewe ilikuwa ya kumzika baba, mama, mume, mke au mtoto. Kisha jina la marehemu lipitishwe na picha ya mshumaa kwenye runinga kubwa ya mapokezi, mwaka mzima, ili kila aingiaye ajue kwamba kampuni haisahau.

Basi siku moja Fondo, kijana wa Vitengeni, alikuja mezani pake macho mekundu. "Dada Radhia," alisema, maana yeye jina tupu lilimshinda, "baba amefariki."

Pwani nzima swali la kwanza linajulikana: baba yupi? Ndugu wa baba ni baba, na mtu huweza kumzika baba kisha akarudi nyumbani akamwamkia baba. Swali lilimfika Radhia mdomoni, akalimeza. Alikuwa mwanafunzi mzuri, masikini. Akatoa pole, akafungua kumbukumbu za Fondo, akakuta jina la baba ni Mwaringa, akalipeleka runingani. Wafanyakazi wote wakasimama kimya, vichwa chini, kumwombea Mzee Mwaringa.

Aliyekufa alikuwa Mwambire, mdogo wake Mwaringa. Fondo aliporudi kutoka mazikoni na kuliona jina la baba yake mzazi likipita na mshumaa, alishika njia ya ngazi kumwendea Radhia. Lakini aseme nini? Likizo ya baba mdogo haikuwapo. Angeambiwa amedanganya, na mwongo hakulala na kazi pale. Akageuka, akarudi kwenye kompyuta yake.

Miezi ikapita. Asubuhi moja bawabu alimjia Radhia mbio, hana hata kofia. "Yuko mtu mapokezi. Asema yeye ni Mwaringa, babake Fondo."

Radhia alishuka ngazi ngozi ikimsisimka. Kitini aliketi mzee mwembamba mwenye shuka begani, ametoka hospitalini kutazamwa kifua, akaona apite kumjulia hali mwanawe. Macho yake yalikuwa kwenye runinga. Na kusoma alijua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hili jina ni la nani?"

Radhia hakuwa na uongo wa kutosha. Alimweleza yote, na mzee akasikiliza bila kumkatiza.

"Kwa hiyo mumenililia."

"Nilikosea, baba. Niwie radhi."

"Sikukasirika. Ila tangu nimzike Mwambire namwota akiniita. Namwuliza, waniitia nini na hali sijafa? Yeye hucheka tu." Akainuka kwa mkongojo. "Sasa najua anachocheka. Nitoe humo, mwanangu. Mtu akishaliliwa, njia yake iko wazi."

"Wiki hii inshallah nitakutoa."

Siku ile aliisema kwa moyo. Lakini jina halikuondolewa bila sababu ya maandishi, na ukiandika kwamba aliyetajwa yu hai, makao makuu humwita mfanyakazi aeleze kwa nini alidanganya. Ili Fondo apone, ilibidi Radhia aandike kwamba kosa ni lake. Na mkataba wake ulikuwa karibu kwisha. Njenga, mkurugenzi wa tawi, alimwambia kwa upole, "Wakijua tumemwombea mtu aliye hai, mmoja wenu ataondoka. Ngoja kwanza usaini mkataba mpya."

Akangoja. Alikuwa na mama wa kumtunza, na nani asiye naye? Ngoja ngoja huumiza matumbo, ila matumbo yaliyoumia yalikuwa ya wengine. Alianza kuingia kazini kwa mlango wa nyuma, asiione runinga. Hata hivyo, mara kwa mara, akiwa ameinama mezani, ilimjia harufu ya lile shuka la mzee, harufu ya moshi wa kuni, naye akigeuka hakuona mtu. Aliogopa. Aliogopa hata kumpa mtu pole.

Mkataba ukaja, akasaini, wenzake wakamkatia keki. Alipanga kuandika kesho yake. Kesho yake Fondo alisimama mbele ya meza.

"Dada Radhia, baba amefariki."

"Baba yupi?" aliuliza, na moyo tayari ulikuwa umeshamjibu.

"Yule yule."

Alimwambia aende, mengine atayasema yeye. Akaandika kila kitu, bila kujitetea, akatuma. Jibu lilimkuta siku ya pili akiwa safarini kwenda hangani, kama Wagiriama wanavyoyaita matanga. Lilikuwa jibu la upole mno. Walimshukuru kwa ukweli wake, hakuna atakayeadhibiwa. Na kwa kuwa mzee sasa amefariki, habari zilizoko ni sahihi. Jina libaki lilivyo.

Hangani kina mama walikuwa wameketi mikekani. Radhia akainama mbele ya Sidi, mjane wa Mwaringa, akamwamkia.

"Marahaba. Wewe ndiwe Radhia?"

"Ndimi, mama."

"Kila Fondo akija nyumbani mzee alimwuliza, yule binti ameshanitoa? Hata juzi, sauti imekwisha, aliuliza." Sidi akamtazama. "Ulimtoa?"

Simu ilikuwa kiganjani mwa Radhia, na jibu la kampuni limo ndani.

"Sikumtoa, mama."

Sidi hakumkaripia, na afadhali angemkaripia. Alisogea, akapigapiga mkeka mahali palipobaki wazi.

"Basi keti ulie," alisema. "Safari hii ni yeye."