Kamba ya Hema la Mama Mkwe

Mume wangu ni fundi mapazia, na kwa ubahili hana mpinzani. Mwaka tuliooana, mama yangu alikuja kututembelea, paa likamvujia kwenye kitanda chetu tulichompisha, kwa sababu bwana alikuwa ameziba tundu kwa kipande cha pazia. Mama akaapa hatalala tena chini ya paa la mkwe wake. Tangu hapo huja mchana na kuondoka mchana, na jambo hilo linamuuma mume wangu kuliko jino bovu.

Basi watoto walipotaka kupiga kambi na bibi yao akakubali, mume wangu aliona bahati imebisha hodi. Mahema mawili tuliazima. Kamba alikwenda kununua mwenyewe, nami nikamfuata kulinda heshima ya familia.

Muuzaji alimwonyesha nailoni inayong'aa. Mume wangu akaifunga kwenye kitasa cha mlango, akaishika, akajiegemeza nyuma. Ikavutika polepole, naye akashuka nayo mpaka akakaa sakafuni.

"Hii ni ya bembea," alisema akiwa hukohuko chini. "Nipe isiyovutika. Na isiwe ghali."

Akapewa poliesta nyembamba, ile wajenzi wanayonyooshea ukuta. Hiyo haikusogea. Bado aliilowesha kwenye ndoo, kama anavyolowesha vitambaa kabla ya kukata, kisha akaipima upya. Urefu uleule. Akacheka peke yake kama mwehu.

Kambini mvua ilitunyeshea mpaka asubuhi. Mahema ya majirani yalilegea yote. La mama lilisimama imara. Ila bwana alikuwa amelikaza mno, zipu ya mlango ikagoma kufunguka, na mama yumo ndani, kabanwa na haja.

"Baba, nitoe!"

"Subiri kidogo, Mama, nafungua fundo."

Fundo lililolowa halikusikia la mwadhini wala la mteka maji.

"Mafundo baadaye, baba! Mimi nateketea!"

Mume wangu aliitazama kamba yake, nikamhurumia kweli. Kisha akatoa mkasi, akaikata. Zipu ikafunguka, mama akapita mbio bila salamu.

Aliporudi alimkuta mkwewe ameshika vipande viwili, uso umemshuka. Mama akajipapasa gauni.

"Sijalowa hata tone," alisema. "Kwenu kuna kitanda cha wageni?"

"Kipo, Mama."

Mwongo! Hakikuwapo. Tuliporudi mjini aliniachia mizigo yote, akaingia kwa seremala, akatoka na kitanda bila hata kuomba apunguziwe.