Koti la Mfalme wa Majini

Sinema hazinipendezi, na tatizo langu ni nguo. Mimi ni fundi cherehani hapa Masumbwe. Nashona ovaroli za wachimbaji, sare za kwaya, na kanzu Idi ikikaribia, na ukishakuwa fundi huwezi tena kumtazama mtu aliyevaa bila kutafuta zipu iko wapi. Kwenye banda la video wenzangu wanalia kwa sababu binti wa mfalme ametekwa. Mimi natazama gauni lake, lile lililombana mpaka magotini, nawaza: hivi huyu anakwendaje chooni? Amekimbia porini na viatu vya kisigino kirefu, amevuka mto, amepigana na majambazi, na wanja bado uko palepale. Siku moja nilishindwa kuvumilia nikauliza kwa sauti. Banda zima lilinizomea, na mwenye banda akaniambia, "Mayu, mama yangu, kama umekuja kukagua mishono, si ungebaki na cherehani yako."

Mpenda sinema ni mume wangu. Yeye ni manju, kwa Kisukuma chetu ningi: anatunga nyimbo, anaongoza kikundi cha ngoma, na ndiye anayesimama mbele ya watu. Zamani alichimba dhahabu huko Geita, kisha akahamia kwenye karasha, ile mashine inayosaga mawe kuwa unga. Kinga yake ilikuwa fulana aliyojifunga puani. Kifua kikaanza kumsumbua, nikampeleka hospitali ya Kolandoto. Daktari alitazama picha ya kifua, akasema bila kuzunguka kwamba vumbi limekaa kwenye mapafu na halitoki. Asikimbie, asibebe vizito, asikae kwenye joto la kukosa hewa.

"Na kuimba?" mume wangu akauliza.

"Imba, mzee wangu, ila uimbe umekaa."

Alicheka njia nzima mpaka Tinde tuliposhuka kununua maji. "Manju aliyekaa! Mama watoto, umewahi kuona jogoo anawika amelala?" Mimi sikucheka. Tangu siku ile nikapata ugonjwa wangu mwenyewe, ugonjwa wa kumsikiliza anavyohema. Akila, nasikiliza. Akiinama kufunga kamba za viatu, nasikiliza. Akinyamaza chumbani kwa muda, namwita kwa kisingizio chochote, mara chumvi iko wapi, mara nani kagonga mlango, ili mradi ajibu.

Kwa asiyeyajua mashindano yetu, yako hivi. Baada ya mavuno vikundi viwili vinacheza kwenye uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, kila kimoja kwenye duara lake. Hakuna majaji wala alama. Watazamaji wanaamua kwa miguu yao: wakiona kwa jirani kuna kioja kikubwa zaidi, wanakukimbia wote, unabaki unawaimbia mbuzi. Jua likishuka, aliyezungukwa na watu wengi ndiye ameshinda. Ndiyo maana kila manju anatafuta kioja. Mmoja anacheza na chatu, mwingine anameza moto, mwingine anajifanya amekufa kabisa halafu anafufuka. Na kuna miiko miwili ambayo hata mtoto anayenyonya anaijua. Ngoma haikatiki, maana ikikatika mmekubali kushindwa. Na manju akiwa katikati haguswi, maana ana dawa zake mwilini, ukimgusa umeziharibu.

Msimu uliotangulia haya ninayosimulia kikundi chetu kilishindwa vibaya. Wenzetu walileta chatu mnene, watu wakahama wote, mume wangu akamaliza wimbo wake mbele ya wapigangoma na sisi wake zao. Alirudi nyumbani hakutaka kula. Siku zilizofuata hakutunga hata ubeti mmoja, na ukimya ule ulinitisha kuliko kikohozi. Kisha akaenda banda la video, akarudi macho yanawaka.

Alikuwa amemwona mfalme wa majini. Nami nikapelekwa kumwona, kwa lazima. Koti lake lilikuwa jeusi kwa nje na jekundu kwa ndani, kola imepanda mpaka juu ya kichwa, mabega mapana kama mlango wa ghala, kifua kizima kimejaa vioo, na nyuma mkia wa nguo unaoburuta ngazi zote za ikulu. Na jitu hilo linapigana kwa upanga! Linaruka kutoka paa hadi paa, halikanyagi mkia wake, halitoki hata jasho. Mtafsiri, yule anayetia maneno ya Kiswahili juu ya picha, alikuwa anapiga kelele, "Cheki pamba hizo, wananchi! Nani kama yeye?"

"Fundi," mume wangu akaniambia tulipotoka. Huniita fundi akiwa na shida yake. "Nishonee lile."

"Lile la jini? Ukiiga kunya kwa tembo utapasuka msamba, baba watoto."

"Mcheza kwao hutunzwa."

"Hutunzwa akiwa anahema! Yule wa kwenye sinema anavaa kidogo, wanasimamisha, anavuliwa, anakaa kwenye feni anapewa soda. Wewe kule uwanjani nani atakusimamishia?"

Tulitembea mpaka karibu na nyumbani. Kisha akasema taratibu, "Usiposhona wewe atashona mwingine. Na mwingine hakijui kifua changu."

Hapo alinipata. Nilishona mimi, nikijipa moyo kwamba angalau nitaacha matundu ya hewa kwapani. Mahameli niliitoa kwenye mapazia ya mitumba. Kola haikukubali kusimama, nikakata ndoo za plastiki na kuzitia ndani yake, nikazishusha mpaka mgongoni na ubavuni ili zisipinde. Mabega niliyajaza sponji ya godoro. Vioo vilirarua kitambaa, ikabidi niweke turubai chini yake, na turubai, jamani, halipitishi hewa hata ya kumdanganya mtu. Mwenyewe alikuwa anapita nyuma yangu akipiga miluzi, anasema, "Ongeza kola, fundi, ongeza!" Nilimrushia mpira wa uzi ukampata sikioni.

Siku ya mashindano, kwenye uwanja nje kidogo ya mji, alilivaa, akatikisa mabega mara moja kwa mtindo wetu, na zipu ya mgongoni ikafumuka yote. Kwa wapinzani chatu alikuwa ameshatolewa kwenye kapu, watu wanapiga vigelegele. Mume wangu akanigeuzia mgongo.

"Nishone mwilini."

"Sishoni."

"Mama watoto, watu wanaondoka. Nishone."

Nikatoa shazia, sindano kubwa ya magunia, na uzi wa magunia, nikamshona ndani ya koti kama mtu anayefunga gunia la pamba la lumbesa. Kwa haraka ile nikamchoma. Hakusema hata "aah". Nilipokata uzi aliondoka bila kugeuka, na mimi nikatia mkasi kwenye mfuko wa gauni, nikajisogeza mbele kabisa ya watu.

Sitasema uongo, alipendeza. Jua la saa nane lilipiga vile vioo, madoa ya mwanga yakatawanyika uwanja mzima, yakawa yanacheza kwenye nyuso za watu na kwenye ngozi za ngoma. Watoto walikuwa wanajaribu kuyakamata kwa mikono. Chatu akaachwa. Watu wakaja mbio, vumbi likapanda mpaka sikuona nchi. Wapinzani wakaongeza nguvu, wakamtoa mtu aliyefunga miti mirefu miguuni, anatembea juu ya vichwa vya watu, watu wakarudi nusu. Mume wangu akapandisha sauti. Nilimjua, nilijua anatumia pumzi ambayo hana. Nilikuwa nimeshika kiuno kwa mikono miwili, namwomba Mungu jua liingie mawinguni, na Mungu siku hiyo alikuwa na shughuli nyingine.

Kisha akapiga magoti katikati ya wimbo, akatazama juu.

Watu walipagawa. "Anaongea na mizimu!" mzee mmoja akasema pembeni yangu. Alipendeza kuliko mwanzo, amepiga magoti wima kabisa, kola imemzunguka kichwa, mkia umetanda nyuma yake. Wapigangoma wakachapa zaidi. Nami nilitaka kuamini kama wengine. Lakini doa moja la mwanga lilikuwa limetua kwenye shati la mtoto aliyesimama mbele yangu, na halikuwa linatikisika. Mtu akihema, kioo cha kifuani kinapanda na kushuka, na doa linapanda na kushuka. Nikatazama mengine. Madoa yote, kwenye nyuso, kwenye ngoma, chini kwenye vumbi, yalikuwa yametulia tuli. Ndipo nikaelewa kwamba mume wangu hakukaa wima kwa nguvu zake. Zile ndoo zangu ndizo zilizokuwa zimemshikilia.

Nilipiga kelele nikaingia kwenye duara. Msaidizi wake, anayepiga ngoma kubwa, akanikinga kwa mkono mmoja huku mwingine ukiendelea kupiga. "Shemeji, toka! Hujui mwiko? Wanakuja hao, tazama wanavyokuja!"

"Hahemi!"

"Anacheza, shemeji! Anakufa kisha atafufuka!"

"Wewe alikwambia atakufa leo? Mlipanga?"

Nikaona usoni mwake kwamba hajui. Lakini mkono wake haukuacha kupiga. Kuacha ni kushindwa, na mbele yake watu walikuwa wanamiminika kama senene kwenye taa. Nilimng'ata mkono. Naam, nilimng'ata shemeji yangu mbele ya umati, akaniachia.

Uzi wa magunia ulikataa mkasi wangu. Nikaachana nao nikachana kitambaa chenyewe, mahameli, turubai, plastiki, nikivuta kwa meno pale mkasi uliposhindwa, nalia, natukana, namtukana jini na mtafsiri wake. Na kila nilipochana, umati ulishangilia! Walidhani ni sehemu ya mchezo: mke amekuja kumtoa mumewe kwenye ngozi ya jini. Akina mama walinipigia vigelegele. Mtu alinirushia kanga. Mgongo ulipofunguka, joto lilitoka pale kama unapofunua chungu, na mwili wake ukaniangukia. Nikampiga makofi. Nikamminya kifua. Akavuta pumzi moja, mbaya, yenye sauti ya msumeno, kisha nyingine, na uwanja mzima ukalipuka kwa furaha. Upande wa pili, mwenye chatu alibaki peke yake na chatu wake.

Tulimpeleka hospitali kwa bodaboda, mimi nyuma nimemkumbatia asidondoke. Wakamwekea mpira wa hewa puani. Nilikaa kwenye benchi nikitazama kifua chake kinapanda, kinashuka, kinapanda, na sikuthubutu hata kwenda kunywa maji.

Kesho yake wenzake walijaa wodini, wanacheka, wananukia jasho na furaha. Tumeshinda, walisema. Haijawahi kutokea ushindi wa namna ile. Dume la ng'ombe analozawadiwa mshindi lilikuwa limefungwa nyumbani kwa msaidizi wake, ambaye naye alinionyesha alama za meno yangu na kusema, "Wabeja, shemeji, asante sana, bila wewe isingenoga." Walitaka msimu ujao turudie vilevile, mimi na mkasi. Mume wangu alikuwa anacheka kidogo kidogo, akishika ubavu. Nilisema moyoni waondoke kwanza.

Wakaondoka. Nikamsogezea mto, nikangoja. Nilidhani ataniambia pole. Nilidhani labda ataniambia daktari wa Kolandoto alikuwa na haki, nami nilikuwa nimejiandaa kutomsimanga, Mungu ni shahidi wangu.

"Ungengoja kidogo," akasema.

"Ningoje nini?"

"Walikuwa bado wanakuja. Nilikuwa nawaona. Hata yule wa kwenye miti alikuwa ameshuka, anakuja kwetu."

"Baba watoto, ulikuwa huhemi."

"Najua."

Alilisema kwa upole kabisa, macho yake yananitazama, hana utani hata chembe. Miaka yote nilikuwa nimeweka sikio kwenye kile kifua, nikidhani kinachotaka kumchukua kimo mle, kwenye vumbi la karasha. Kumbe alikuwa anakwenda mwenyewe, ili mradi watu wanakuja. Nikakaa sakafuni, nikajifunika uso kwa kanga, nikalia kwa sauti ambayo sikuweza kuizuia, mpaka nesi akaja mbio kutoka chumba cha pili, akanishika mabega na kuanza kunipa pole, maana alidhani nimefiwa.