Kijahazi cha Thani

Fundi Sleyum alikuwa na haja moja tu duniani: mkewe, Masouda, akubali kwamba mtoto wao kafa. Thani alitoka nyumbani kwao Unguja kwenda kununua mikate asubuhi ya mapinduzi, asirudi. Maiti haikuonekana. Wazazi wakakimbilia Maskati, wakapanga chumba Matrah, na huko, mwaka wa nne sasa, Masouda bado akimfunikia mwanawe mkate chini ya kawa kila jioni. Sleyum akitaja hitima, nyumba huwaka moto.

"Hitima asomewa maiti, Baba Thani. Mie mwanangu nnamngoja."

Mkaidi huyo! Lakini nani wa kumlaumu? Uchungu wa mwana aujuae mzazi.

Sleyum, aliyewahi kuunda vyombo vya kweli, siku hizi alichonga vijahazi vya mapambo akiviuza sokoni. Ndipo Harub, karani wa kampuni ya mafuta, alipomletea baharia wa Kijapani aitwaye Morita. Mwenzake alianguka baharini, asipatikane. Kwao, Harub akafasiri, roho za wafu huja kila mwaka kuwazuru jamaa zao, kisha husindikizwa kwa kijahazi chenye taa na chakula kidogo.

"Ila anasema usikitie kalafati, nyufa ziache wazi," Harub akaongeza. "Kinatakiwa kizame. Kikirudi pwani, basi mfu mwenyewe hajaenda."

Sleyum akastaghafiri. Hata hivyo alikichonga, akafuatana nao mpaka pwani ya Sidab. Kijahazi kilielea kidogo, kikanywa maji, kikazama. Morita alilia kwa sauti mbele za watu, kisha akajipangusa uso, akaomba sigara. Sleyum alimwonea wivu. Yeye hajapata kulia hata mara moja. Atalia vipi na mkate uko chini ya kawa?

Akachonga kingine. Hakuamini kwamba roho hupanda chombo, la. Alitaka kulia tu. Akaandika ndani yake jina la Thani. Lakini alipofika kwenye maungio, mikono ilikataa. Mwanawe ampakie chombo kinachovuja? Akashindilia pamba kila ufa, akapaka mafuta ya papa, akarudia tena. Mtu mzima na akili zake! Jioni akauiba ule mkate, akaenda Sidab, akautia ndani ya kijahazi, akakisukuma majini, akalia mpaka kifua kikamuuma. Alirudi nyumbani mwepesi, akiazimia kumwambia mkewe kukicha kwamba keshamsindikiza Thani.

Kulipokucha, kabla hajafungua kinywa, Bakhita muuza samaki akabisha hodi, kijahazi kimo kwenye beseni lake.

"Fundi, nimekikuta kimekwama kwenye mawe ya kwetu Sidab. Nikasema hii kazi yako, maana hata tone la maji halimo."

Masouda alikipokea. Akalisoma jina. Akapitisha kidole ndani, kikatoka na chembe moja ya mkate. Jana aliikuta kawa haina kitu. Sasa uso ulimchanua, uso ambao Sleyum hakuuona tangu Unguja.

"Kumbe ulimpelekea chakula mwanangu, wala hukunambia! Tazama, kala wote."

Sleyum alitaka kusema kwamba ni ndege wa baharini. Akaiinamia mikono yake iliyoshindilia ile pamba, akaichukia.

Jioni ile Masouda alifunika mikate miwili.