Jaji wa singularity aliyemnyima binti yangu safari ya Dodoma

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya nayaandika yalivyotokea. Sina haja ya kutia chumvi, hata bila chumvi yananichefua.

Nipo Tabora, Itetemia. Binti yangu Rehema yuko form five, mchepuo wa sayansi, PCM. Juzi shule yao iliandaa shindano la sayansi, mshindi aende Dodoma kushindana kitaifa. Jaji akaletwa kutoka Dar, suti na miwani, eti mtaalamu wa anga.

Swali la fainali: singularity ni nini?

Rehema akasema inategemea umeuliza wapi. Kwenye lugha, Waingereza humaanisha hali ya kuwa kimoja, au kuwa tofauti na wengine.

Kwenye hesabu ni pale kanuni inapogoma. Gawa moja kwa x, sogeza x karibu na sifuri, jibu linakua bila kikomo, na kwenye sifuri penyewe jibu hakuna.

Kwenye anga ni katikati ya black hole, lile shimo jeusi linalomeza hata mwanga, ambako hesabu zetu za mvutano zinagoma vilevile. "Hakuna aliyewahi kupaona," akamalizia.

Jaji akaguna. "Binti, nimeuliza kitu kimoja unaniletea vitatu. Singularity ni nyota iliyokufa. Full stop."

Ushindi akampa Juma, mwanafunzi mwenzake Rehema, aliyejibu hivyohivyo.

Nyota iliyokufa! Kichwa kitupu ndani ya suti.

Nikataka kusimama, dada yangu Mama Shija akaniwahi. Jaji alishajitambulisha kuwa Mzaramo, na sisi Wanyamwezi ni watani wao tangu babu zetu wabebe mizigo kwenda pwani. Dada akamfuata mezani, akamnyang'anya soda, akainywa.

"Mtani, hujui kitu wewe! Hiyo nyota umeisoma wapi?"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Jaji akainua mikono. "Mtani umenikamata. Nimeisoma kwenye simu asubuhi hii. Mtoto wenu kanizidi."

Rehema peke yake hakucheka.

Nikamgeukia mkuu wa shule: umemsikia? Akafuta machozi ya kicheko. "Mzee wangu, ule si utani? Neno la utani halishikwi."

Na ndivyo mila yetu ilivyo. Jamaa alikiri mbele ya watu wote, akaondoka msafi, na posho yake mfukoni.

Nilichojifunza: mjuaji wa uongo usimtanie. Mkunjie sura, mwambie amekosea, akose pa kujifichia.

Hivi naandika, Juma yuko sebuleni kwangu. Rehema anamfundisha singularity ili asituaibishe Dodoma.

Semeni wakuu, nimtimue au nimpe chai?