Maji Yaliyobaki Chini ya Tangi

Mwanangu, ipo Jumatatu moja ya Kasulu ambayo pua yangu haijaisahau mpaka leo, na mimi ni mtu wa kusahau hata nilipoweka miwani. Tulifungua karakana asubuhi, harufu ikatupokea mlangoni kabla hatujasalimiana. Ilikuwa harufu ya mayai viza, nzito, ya kukaa kooni. Vijana walitoka nje wakitema mate. Mimi nilibaki nimeziba pua kwa upindo wa kanga, nikimtazama Elisha anavyoingia kimya, anavaa aproni yake na kuwasha pampu, kwa sababu kulikuwa na shafti ya mashine ya kusaga iliyokuwa ikisubiriwa na mwenyewe.

Nyinyi mlioanza kazi hapa kwangu Kibondo mnaniita Mama Fundi, tena najua mkiwa peke yenu mnaniita jina jingine kwa ukali wangu. Wakati ule nilikuwa Yusta tu, msichana pekee kwenye karakana ile. Elisha alikuwa mwenzangu wa mashine. Wazazi wake waliletwa huku na vita vya Burundi, yeye akiwa bado mgongoni mwa mama yake, na alikulia Gwarama, huko Kakonko, kwenye mashamba. Alikuwa kijana wa maneno machache na mikono mizuri. Nasema mikono mizuri kwa sababu niliitazama sana. Mtu akipenda anajua alichoanza kukipenda, na mimi nilianza na mikono ile ikipima bushi, ile pete ya chuma inayovishwa shafti, kwa ncha za vidole.

Sasa, mashine ya kukereza mnaijua. Chuma kikizunguka na kisu kikikikata, joto lake linaweza kuharibu vyote viwili, ndiyo maana tunamwagia yale maji meupe ya kupozea, maji yaliyochanganywa na mafuta yake maalumu. Yakishapoza yanashuka tangini, pampu inayavuta, yanarudi tena juu. Kazi nzima mikono yako imo humo. Maji yale yakiwa mazima hayana neno. Yakioza, unaoga uozo kutwa.

Ya kwetu yalioza mara kwa mara. Umeme wa Kasulu siku hizo ulikuwa wa jenereta, na dizeli ilikuwa ikikatika, basi mashine zinalala kimya, maji yametuama, oili iliyovuja kwenye gia imetanda juu kama ukoko. Tukimwaga na kutia mapya, baada ya muda mfupi yananuka tena. Tulilaumu maji ya kisima. Tukalaumu mafuta, kwamba tumeuziwa ya uongo. Kuna aliyesema tumelogwa na fundi wa mtaa wa pili, na kwa kweli huyo tulimwamini kwa muda.

Ndipo mikono ya Elisha ikaanza. Kwanza vipele vidogo katikati ya vidole. Kisha malengelenge, kisha ngozi ikapasuka na kutoa maji. Alikuwa akivaa shati la mikono mirefu juani ili watu wasione. Lakini watu wanaona. Wenzetu wakamtengea kikombe chake cha chai, wakakifunga uzi mwekundu kwenye kishikio ili kisichanganyike na vya wengine. Mmoja akasema kwa sauti, Elisha akisikia, "Hawa waliokuja na magonjwa yao." Elisha alikichukua kikombe kile, akashukuru, akanywa. Mimi nilikuwa nikienda kunywa kwenye kikombe hicho hicho, makusudi, mbele yao wote. Ndiyo ilikuwa njia yangu ya kumwambia ninachotaka, maana mdomo haukuweza.

Haikusaidia kitu kwa mikono yake. Siku moja ya malipo alikunja aproni, akaiweka juu ya mashine, akapanda lori la mihogo kurudi kwao. Aliniambia, "Yusta, nikipona nitarudi." Barabara ya Kibondo ilikuwa vumbi tupu enzi hizo, na lori lilipotea machoni pangu mapema sana.

Fundi wetu mkuu alikuwa Mzee Bukuru. Ndiye aliyetufundisha wote, na alikuwa na amri moja aliyoishika kama sala: tangi halikaushwi. Ukibadilisha maji, unabakiza kidogo chini, ndipo unatia mapya. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Huku kwetu chombo cha nyumbani hakimalizwi mpaka kikauke, ni uchuro, na sote tulilelewa hivyo. Hata mimi niliona ni adabu tu, kwamba mashine nayo ni kama kaya.

Jumapili moja Mzee Bukuru alipita nyumbani baada ya misa. Mama yangu alikuwa na ng'ombe na mtindi wake ulijulikana. Akammiminia kikombe, kisha akachukua maziwa mapya akayatia kwenye kibuyu kile kile, juu ya mabaki. Mzee alikuwa ameshainua kikombe. Akakishusha.

"Mama Yusta," akasema, "hayo unayoyabakiza chini ni ya nini?"

Mama akacheka. "Fundi nawe! Umekulia wapi? Si ndiyo yanayogandisha haya mapya? Nikiyamwaga yote, maziwa yatakawia kuwa mtindi."

"Na kama hutaki yagande?"

"Basi naosha chombo kwa maji ya moto, nakifukiza moshi, nakianika juani. Nisiache hata tone. Tone moja linatosha."

Mzee Bukuru aliweka kikombe chini, hajakinywa, akasimama na kutoka bila kuaga. Mama alibaki mlangoni akiwa na kibuyu mkononi. "Amekasirika? Mtindi wangu una nini?" Akaunusa, akaonja, akanitazama mimi kana kwamba nina jibu.

Jibu lilikuwa karakanani. Jioni ile ile mzee alituita wote. Tulimwaga maji mpaka tone la mwisho, tukayatia kwenye shimo mbali na kisima. Chini ya tangi kulikuwa na tope jeusi, chenga za chuma zimeshikana na ute, na humo tulikuta ganda la ndizi, vipisi vya sigara na majani ya chai. Naona aibu hata kulisimulia. Tulikwangua, tukasugua kwa brashi na sabuni na maji ya moto. Tulifungua mipira na mabomba, nayo ndani yalikuwa na utelezi uleule. Tulisuuza mpaka maji yakatoka kama yalivyoingia. Leo mnajua waliokuwa humo wanaitwa bakteria, wako kwenye maji, kwenye vumbi, kwenye mikono yetu, na kazi yao ni kula mafuta yale na kuzaana. Sisi tulikuwa tukiwabakizia mbegu kila mara kwa heshima zote, kama mama na kibuyu chake.

Tulipomaliza, mzee alisimama mbele yetu. Alikuwa mtu wa majivuno kidogo, sitaficha, na kumwona vile kulinitia huruma. Alisema, "Amri ile ni yangu. Niliitoa nyumbani nikaileta kwenye chuma bila kufikiri. Mimi ndiye niliyemchoma Elisha." Kisha akageukia kile kikombe chenye uzi mwekundu, kilichokuwa bado rafuni, na sauti ikabadilika. "Lakini hiki hamkufundishwa na mimi. Mtu anaumia mbele yenu, kazi mnafanya moja, maji mnashika mamoja, na hakuna aliyejiuliza kama ni maji! Mlikuwa na haraka ya kumtenga kuliko kufunua mfuniko wa tangi." Hakuna aliyeinua uso. Alikata uzi kwa kisu chake akautupa, na akaniambia, "Yusta, kesho panda gari. Kamlete."

Mwanangu, sijawahi kusafiri kwa furaha kama ile. Nilishuka Kakonko nikiwa mwekundu kwa vumbi kuanzia kope. Hadi Gwarama nilipakiwa kwenye baiskeli, na njiani kote nilikuwa nikipanga maneno. Nilimkuta akipalilia maharage.

"Mwakeye," nikamwambia, kwa Kiha, ingawa ilikuwa alasiri na hiyo ni salamu ya asubuhi. Kichwa kilikuwa kimeniruka.

Akacheka, akaegemea jembe. "Yusta, umelala njiani?" Akanyoosha mikono nione. Ilikuwa imepona. Ilikuwa mikavu, safi, na mimi nikaishika pale pale shambani, mama yake akitutazama kutoka mlangoni.

Nilimweleza yote, na nilipofika kwenye kibuyu akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akauliza, "Fundi alilisema mwenyewe? Mbele ya watu?" Nikamwambia ndiyo. Akainuka, akasema, "Basi nitarudi. Mtu mzima akiomba hivyo huwezi kukaa."

Aliporudi, kila mtu alikuwa na tabasamu la mtu mwenye deni. Tangi lilikuwa safi, maji meupe, hayana harufu ila ya mafuta mapya. Elisha aliwasha mashine. Nilikuwa kwenye ya kwangu, pembeni, na sikufanya kazi ya maana kutwa nzima. Tulipanga, yaani mimi na yeye, kwamba mavuno yakipita wazee wake waje nyumbani.

Wiki ile haikuisha. Vipele vilirudi, kwenye maji yasiyo na kosa lolote. Alikuwa akinificha, ila nilimwona anavyoshika bushi kwa kiganja badala ya vidole. Tulikwenda hospitali. Daktari, kijana mgeni aliyepangiwa kazi huku kutoka mikoa ya kaskazini, aliiangalia mikono ile kwa muda mrefu na kuuliza maswali mengi. Kisha akatueleza taratibu, kwamba maji yaliyooza yaliiumiza ngozi kwa muda mrefu mno, ikafika mahali pa kuyakataa mafuta yale yenyewe, na ngozi ikishakataa hivyo mara nyingi haikubali tena, hata uipe masafi ya namna gani. "Mngekuja mapema," akasema.

Elisha alishukuru, kama alivyoshukuru kwa kile kikombe. Nje ya hospitali nilimwambia nitakwenda naye Gwarama. Nilikuwa tayari kabisa. Jembe nalijua.

"Oya," akasema. Hapana. "Wewe chuma kinakusikia. Mimi kimenikataa. Ukija shambani kwa ajili yangu, nitakuwa naitazama mikono yako kila jioni nikijua nilichoipotezea. Baki, Yusta."

Nililia, nikakasirika, nikamwita mwoga. Alikubali kuitwa mwoga. Kesho yake akaondoka, na mimi nikabaki na mashine mbili za kuhudumia.

Niliolewa baadaye na mtu mwema, mnayemkumbuka baadhi yenu, Mungu amrehemu, na sikumdanganya wala sikumnyima kitu. Watu huniuliza kwa nini nilikuja kufungua karakana Kibondo wakati Kasulu nilikuwa na wateja. Nawajibu kwamba ni biashara. Lakini mwanangu, kutoka hapa Kakonko si mbali, na Gwarama iko mbele yake kidogo, na mtu anaweza kuishi miaka mingi akiwa ametulia kwa kujua tu kwamba si mbali.

Alikuja mara moja. Ni juzijuzi tu, lami imeshapita. Nilimwona mzee amesimama nje ya mlango na shafti iliyokatika begani, hataki kuingia. Nilimtambua kwa anavyosimama. Hakutaka mvuke wa mafuta umguse, nami nikaelewa, nikaipokea shafti pale kizingitini, nikaikereza mwenyewe ingawa mlikuwepo vijana wa kuifanya. Niliifanya polepole. Nilitaka asimame pale muda mrefu.

Nilipomaliza nikanawa kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko, nikamkabidhi. Aliipitisha ncha ya kidole juu yake, ile namna yake. Kisha akavuta pumzi akiwa mlangoni, akatazama tangi langu, akasema, "Yusta, hakunuki."

Ni hayo tu. Nikasema ndiyo, hakunuki. Akapanda pikipiki akaenda zake, na mimi nikaingia ndani nikawafokea nyie bila sababu. Siku ile mlijiuliza mmekosa nini. Hamkuwa mmekosa.

Basi sikiliza. Jana nimekuona ukiongeza maji mapya juu ya ya zamani, ukadhani unaokoa mafuta. Usifanye hivyo. Maji yakichoka, mwaga yote, kwangua tangi, suuza na mipira, likauke, ndipo utie mapya. Mafuta yaingie kwenye maji huku unakoroga, si maji kwenye mafuta, na kipimo tumia kile kilichoko, jicho lako bado halijafika huko. Oili inayoelea iondoe kila siku, maana chini yake ndiko wanakozaana. Chenga zisilale humo. Mashine ikikaa bila kazi, washa pampu maji yatembee. Usiteme mate, usitupe majani ya chai. Dawa ya kuua wadudu ipo, lakini ukiitia kwenye uchafu unaidhulumu dawa, na ukiizidisha utaidhulumu ngozi yako. Na vipele, mwanangu, hata kimoja, hata kwa mwenzako asiyetaka kusema, nileteeni siku hiyo hiyo. Nitafunga karakana nzima kwa ajili ya kipele kimoja, mniite kichaa. Mapema inapatikana mara moja, na mimi najua ilivyo kuikosa.

Mungu akuhifadhie mikono yako. Ikajue chuma na ikajue mtoto, izeeke ikiwa na ngozi yake, na yule utakayetamani kumshika mkono asiwe na sababu ya kukuambia ubaki.