Unga Uliotoka Nyumbani kwa Esther

Mwaka ule mvua ilikata mapema Newala. Mahindi yakanyaukia shambani, na kufikia Agosti kaya nyingi za kata ya Mnyambe zilibaki na mihogo michungu tu. Mihogo hiyo ina sumu. Ukiiloweka vizuri, au ukiianika mpaka ikauke kabisa, sumu inapungua. Lakini maji ya kulowekea yanafuatwa mbali bondeni, na mwenye njaa hana subira ya kuanika.

Bernadeta alikuwa mwalimu wa Sayansi Kimu katika shule moja ya sekondari huko. Kwao ni Rombo. Ajira ndiyo iliyomleta, na alikuwa ameshazoea vumbi jekundu na salamu ndefu za wenyeji. Alikuwa pia anasoma shahada ya uzamili, na utafiti wake ulikuwa na swali moja: yale anayowafundisha watoto kuhusu chakula, yanafika jikoni kwao au yanaishia getini mwa shule? Ili apate jibu, aliwaomba wanafunzi wa kidato cha tatu walete unga kutoka nyumbani, wapike wenyewe, kisha waeleze umeandaliwaje.

Kundi la Esther, mmoja wa wanafunzi hao, lilisonga ugali wa muhogo kwa unga aliotoka nao kwao. Ulikuwa mweupe, laini, wakaula na maharage huku wakitaniana. Kipindi cha mwisho kilikuwa hakijaisha Emmanuel, wa kundi hilohilo, alipotoka mbio kwenda kutapika. Akafuata mwingine. Esther mwenyewe akashika kichwa, akasema, "Madam, moyo unanienda mbio," kisha magoti yakamlegea akaketi chini.

Bernadeta aliitazama sufuria ya ugali. Alijua palepale. Alikuwa ameifundisha sumu ile ubaoni mara nyingi, kwa chaki, kwa sauti tulivu.

Watoto wakapakiwa kwenye gari la mfanyabiashara wa korosho aliyekuwa akipita, wakapelekwa kituo cha afya. Njiani Bernadeta alikuwa akiwaita majina mmoja mmoja, na kila aliyechelewa kuitika alimtikisa bega.

Mkuu wa shule, Mwalimu Ladislaus, aliwakuta huko. Akamvuta Bernadeta pembeni.

"Madam, wazazi wanakuja. Tuseme ni maji ya tangi."

"Tukisema ni maji, mkuu, leo jioni watasonga unga uleule."

"Na ukisema ni unga, watauliza ni nani aliyeagiza uletwe."

"Ni mimi. Nitawaambia."

Ladislaus alimtazama, akafuta uso kwa leso.

Wazazi walipofika, Bernadeta aliwaambia. Alisimama kwenye kibaraza cha kituo, akasema ugali ulikuwa na sumu ya muhogo na yeye ndiye aliyeomba unga. Hakutaja unga ulitoka kwa nani. Baba yake Emmanuel, mzee Sadallah, alipaza sauti: "Mwalimu, wanetu ni panya wa kujaribia?" Bernadeta aliinamisha kichwa.

Kufikia asubuhi wote walikuwa wanakunywa uji. Bernadeta alikuwa ameanza kupumua vizuri Esther alipomshika kitenge.

"Madam, mdogo wangu Anjelina anatembea kwa vidole. Miguu imekaza. Mama anasema ni homa, itaisha."

Devotha, muuguzi wa zamu, alisikia. Akageuka haraka. "Kwenu mnakula unga huo tangu lini?"

"Tangu mahindi yaishe. Kila siku."

"Na mboga?"

Esther akatikisa kichwa. "Chumvi."

Devotha alisema yapo maradhi yanayokakamaza miguu, na huwapata hasa watoto wanaokula muhogo usiotolewa sumu, bila kitoweo. Bernadeta hakungoja amalize. Alipanda bodaboda kwenda kwa kina Esther.

Alimkuta Mama Esther, ambaye hakuwa amefika kituoni, uani anatwanga. Muhogo ulikuwa umemenywa asubuhi hiyohiyo. Ungeanikwa kidogo juani na kuliwa siku ileile. Unga wa namna hiyo wenyeji wanauita chinyanya.

"Hodi hapa, Mama Esther."

"Karibu, mwalimu. Esther vipi?"

"Hajambo, anakunywa uji. Nimekuja kumwona Anjelina."

Mchi ukasimama. "Amelala. Ana homa."

"Esther ameniambia kuhusu miguu."

Mama Esther alitazama kinu. Kisha akauliza, taratibu, "Utaniandika kwenye utafiti wako? Kwamba Mama Esther wa Mnyambe anawalisha wanawe sumu?"

"Sitakuandika. Nyumba hii naitoa kabisa kwenye utafiti wangu. Naomba tu nimwone mtoto."

"Ungekuwa mimi ungewapa nini?"

"Sijui," Bernadeta alisema. "Ningewapa hichohicho."

Ndipo yule mama akaingia ndani, akatoka amembeba binti wa miaka mitano. Alipomsimamisha, visigino havikugusa ardhi, na magoti yaligongana kama yaliyofungwa kamba.

Walimpeleka hospitali ya Ndanda siku hiyo. Daktari aliwaeleza bila kuzungukazunguka: miguu haitarudi kama zamani, ila ugonjwa huu hauendelei wenyewe; mtoto asipolishwa tena unga ule, hautazidi. Mama Esther alilia bila sauti. Bernadeta alimshika mkono, akiwaza ni nyumba ngapi nyingine zimefunga mlango na kusema ni homa.

Waliporudi walianza kuzizungukia nyumba hizo pamoja. Mama Esther ndiye aliyebisha hodi, maana yeye alifunguliwa. Walionyesha namna ya kuuchanganya unga na maji kiasi, kuutandaza mwembamba juu ya mkeka na kuuacha saa kadhaa sumu iruke hewani kabla ya kusonga. Wengine walicheka. Mzee Sadallah aliwakaribisha wa kwanza, akaita na majirani. Watoto wengine wawili walipatikana, mmoja akiwa ndiyo kwanza ameanza kujikwaa.

Utafiti wa Bernadeta ulilazimika kuanza upya, maana nyumba alizotaka kuzichunguza alishazifundisha mwenyewe, na hadi sasa haujakamilika. Anjelina ameanza darasa la kwanza, anatembea kwa fimbo. Kila asubuhi, wanafunzi wa sekondari wanapoingia uwanjani kwa mistari, walimu wenzake Bernadeta hutazama sare na nywele. Yeye hutazama visigino.