Gome la Msesewe

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumtazama baba mdogo usoni badala ya kunywa.

Kwetu mpika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, hunywa kwanza, mbele za watu, ndipo ampe mgeni kata. Mimi nililowanisha mdomo tu. Nilikuwa na hofu. Nilijifundisha kupika peke yangu, kwa kuharibu ndizi nyingi, na gome la msesewe, linalotia uchungu, nililipima kwa mizani ya jikoni mara tatu. Sikujua kama naipenda pombe yangu. Nilisubiri yeye aniambie.

Alikunywa, akatema. "Hii mpelekee bwana mifugo, inaua minyoo." Akaimwaga kata nzima kwenye shina la mgomba. "Na huu mgomba mkiukuta umekauka, msiniulize mimi."

Shangazi zangu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mwaka mzima niliitwa Dawa ya Minyoo, hata kanisani.

Desemba, ndugu wote wakiwa wamerudi nyumbani mlimani kwa sikukuu, mtoto wa baba mdogo alipata kipaimara. Baba mdogo alinituma kijiji cha Kilema kwa mama mmoja anayesifika kwa mbege. Nililichukua dumu lake, nikalificha stoo kwetu, nikapeleka langu. Mbege yake nilikuwa nimeipika wiki ile kwa vipimo vilevile, gome lilelile. Safari hii nilikunywa kata yangu mpaka chini.

"Hawa watu wa Kilema wana mikono," baba mdogo aliwaambia wageni. Kata ya pili. Ya tatu akamwita mchungaji aonje.

Nikangoja mchungaji ameze.

"Shikamoo, baba mdogo. Hiyo ni yangu. Ndiyo ile ya minyoo."

"Umeongeza nini?"

"Hata kipande cha gome sijaongeza."

Shangazi mmoja akaangalia pembeni, mabega yakimtikisika. Baba mdogo akaiweka kata chini taratibu, kama inaungua. Sitadanganya: niliona raha, na nikakaa palepale ili niione vizuri.

Jioni, nyumbani, nilifungua lile dumu la Kilema, nikaionja mbege yake. Ilikuwa bora kuliko yangu. Uchungu wake ulikuja mwishoni, ukaondoka. Wangu ulikuwa unakaa tu kooni, na nilikuwa nimeutetea mwaka mzima bila kuupenda.

Siku hizi natia nusu ya gome, kwa sababu ndivyo ninavyopenda. Baba mdogo hajaniomba radhi. Sijamsamehe.